Suti ya Vipande Sita na Bunge la Juu: Siasa za Seneti Zikitazamwa kutoka Ogwedhi

Penye wengi pana mengi, na penye mpaka pana mengi zaidi. Ogwedhi ni kituo cha biashara katika kaunti ya Migori, mahali ambapo nchi ya Waluo inakomea, ya Wamaasai inaanzia, na ya Wakuria haiko mbali. Ng'ambo ya pili ni kaunti ya Narok. Siku ya mnada, mifugo huswagwa kutoka pande zote, na kwa kuwa muuzaji na mnunuzi aghalabu hawana lugha ya mama moja, bei hutajwa kwa Kiswahili. Si Kiswahili cha Lamu wala cha Unguja. Ni Kiswahili cha kazi, chenye ngeli chache na tarakimu nyingi, na wanaokidharau hawajawahi kununua fahali kwa lugha wasiyoijua.

Msomaji huenda akauliza: soko la ng'ombe lina uhusiano gani na mikakati ya vyama vya upinzani katika kuwania bunge la juu? Jibu ni kwamba Seneti ya Kenya, ya kwanza na ya pili, iliundwa kwa ajili ya mahali kama Ogwedhi. Bunge la chini huhesabu vichwa. Bunge la juu huhesabu mipaka, yaani wilaya hapo zamani na kaunti hivi sasa. Mtu wa Lamu, ambako wapiga kura ni wachache, ana seneta mmoja wa kuchaguliwa sawa na mtu wa Nairobi. Basi anayetaka kujua iwapo bunge hilo limetimiza lililokusudiwa asianzie Nairobi. Na aanzie pale ambapo mstari wa mpaka unapita katikati ya malisho.

Msomaji na amfikirie mzee mmoja wa soko hilo, mwenye umri wa miaka 80 na ushei, aliyekuwa kijana barobaro bendera ya Mwingereza iliposhushwa. Hana jina hapa, kwa sababu wako wengi wa namna yake. Mzee huyo ameishi chini ya Seneti mbili. Ile ya kwanza alikuwa hajaizoea ilipofutwa. Ya pili ilikuja akiwa na wajukuu.

Katika uchaguzi wa Mei 1963, Kenya iligawanywa katika majimbo, na kila wilaya kati ya wilaya 40 ilipewa seneta mmoja, nayo Nairobi mmoja, jumla 41. Migori na Homa Bay za leo zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini, hivyo seneta wao alikuwa mmoja. Narok ilikuwa na wake. Hapo mpaka wa Ogwedhi ulikuwa na uzito wa ajabu: ulikuwa mpaka wa wilaya, mpaka wa jimbo la Nyanza na jimbo la Bonde la Ufa, na zaidi ya yote, mpaka wa vyama. Upande wa magharibi KANU ilikuwa na mizizi. Upande wa mashariki Wamaasai walikuwa miongoni mwa jamii zilizounda KADU mwaka 1960, wakiwa pamoja na Wakalenjin, Waluhya wengi na watu wa pwani chini ya Ronald Ngala.

KADU ilikuwa upinzani, nayo ilijua fika kwamba haiwezi kushinda hesabu ya vichwa. Mkakati wake ulikuwa wa kikatiba. Iliwashawishi Waingereza katika mikutano ya Lancaster House waweke ngome ndani ya sheria yenyewe: vifungu vilivyolinda majimbo visibadilishwe ila kwa asilimia 75 ya kura katika bunge la chini na asilimia 90 katika Seneti. Mwanafunzi na apige hesabu hiyo mwenyewe. Katika bunge la watu 41, maseneta watano tu wakikataa, jambo limekwama. KANU ilipata viti 18 vya Seneti na KADU ikapata 16. Kwa mujibu wa karatasi, upinzani wa Kenya haujawahi kuwa na silaha kali kuliko hiyo, si wakati huo wala baadaye.

Silaha hiyo haikuwahi kufyatuliwa. Serikali ilichelewesha fedha za majimbo, wabunge wa KADU wakavuka sakafu mmoja baada ya mwingine, na mnamo Novemba 1964 chama kikajivunja chenyewe na kuingia KANU. Daniel arap Moi, aliyekuwa miongoni mwa vinara wake, akapewa wizara. Mwaka uliofuata kiwango cha kura za kubadilisha katiba kilishushwa hadi asilimia 65 katika mabunge yote mawili. Historia za kisiasa hulieleza tukio hili kwa neno "umoja", na hapana shaka wapo waliouamini umoja huo kwa dhati. Hata hivyo, ni vigumu kukwepa ukweli ulio wazi: ngome haikubomolewa na adui, ilifunguliwa lango na walinzi wake.

Upinzani wa pili ulipozaliwa mwaka 1966, Seneti ilikuwa tayari mgonjwa wa kitandani. Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais na kuongoza KPU. Bunge likapitisha haraka sheria iliyowalazimu waliohama chama warudi kwa wapiga kura, na katika Uchaguzi Mdogo maarufu wa Juni mwaka huo KPU ikarejea na wawakilishi saba na maseneta wawili tu. Kabla ya mwaka kwisha, mabunge mawili yakaunganishwa kuwa moja. Maseneta hawakupinga sana kuuawa kwa bunge lao. Kila mmoja alipewa eneo jipya la ubunge, na muhula wa wabunge wote ukasogezwa mbele. Mtu akinunuliwa ng'ombe wake kwa bei hiyo, hawezi kulalamika kwamba aliibiwa.

Mzee wetu wa Ogwedhi hakusikia mshindo wowote. Seneta alikuwa mtu wa mbali, na aliyekuja kukusanya kodi alikuwa chifu yuleyule.

Ikapita miaka 44. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ikairudisha Seneti, ikiwa na wanachama 67 pamoja na Spika: 47 wa kuchaguliwa na kaunti, wanawake 16 wa kuteuliwa na vyama, vijana wawili na watu wawili wenye ulemavu. Ilirudi ikiwa imepunguzwa nguvu. Wabunge waliokutana Naivasha Januari 2010 walihakikisha kwamba bunge lao ndilo linalobaki na kauli katika mambo mengi, kiasi kwamba wachambuzi wengine wanauliza ni lipi hasa bunge la juu. Lakini mambo matatu makubwa yaliachwa mikononi mwa maseneta: sheria zinazohusu kaunti, mgao wa fedha baina ya kaunti, na hukumu ya rais, naibu wa rais au gavana anayeshtakiwa ili aondolewe. Katika la pili, kila kaunti ina kura moja, iwe kubwa au ndogo. Katika la tatu, akihukumiwa rais au naibu wake, zinahitajika thuluthi mbili, yaani maseneta 45.

Wanafunzi wa Kiswahili watavutiwa na msamiati uliokuja na mpangilio huu. Mpiga kura sasa alipewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Katika eneo la Nyanza, chama cha ODM, kilichochukua jina na nembo ya chungwa kutoka kwenye kura ya maamuzi ya Novemba 2005, kikaja na sitiari ya mshonaji: suti ya vipande sita. Anayempenda kiongozi wa chama asimvalishe koti peke yake akamwacha miguu wazi. Amvalishe suti kamili, kutoka urais hadi wadi.

Ni sitiari nzuri, na kama sitiari zote nzuri, inaficha kiasi kile inachofichua. Inafichua hesabu ya kweli: chama cha upinzani kisicho na uhakika wa Ikulu hakina budi kukusanya viti katika mabunge, na kiti cha seneta ndicho rahisi zaidi kusahaulika, kwa kuwa seneta hajengi barabara wala hatoi basari. Bila wimbi la chama, wapiga kura humchagua seneta kwa mazoea au kwa kumwonea huruma. Inachoficha ni kwamba suti hupimwa kwa mwili wa mvaaji, na hapa mvaaji alikuwa kinara wa chama. Mwananchi alikuwa kitambaa.

Migori haikukubali kuwa kitambaa. Mwaka 2013 iliwachagua wagombea wengi wa ODM, lakini ugavana ikampa Zachary Okoth Obado wa chama kidogo cha PDP. Useneta ukaenda kwa Dakta Wilfred Machage wa ODM, naye ni Mkuria. Jambo hili la pili linastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndipo mkakati wa chama na haki ya wachache vilipokutana bila kugongana. Wakuria ni wachache katika kaunti hiyo, na bila mapatano wangeweza kushindwa katika kila kiti cha kaunti nzima milele. Chama kilipompa Mkuria tiketi ya useneta katika ngome ya Waluo, kiliwaomba wengi wampigie mtu wa wachache. Walimpigia. Wakati huo kiti cha bunge la juu kilifanya kazi ya daraja kwa namna ambayo haikuandikwa katika kifungu chochote.

Daraja hilo halikudumu. Mwaka 2017 kiti kilimwendea Ben Oluoch, mtangazaji wa zamani wa redio, kwa tiketi ya ODM. Aliaga dunia Juni 2018 kabla ya kumaliza mwaka mmoja ofisini, na uchaguzi mdogo ukaitishwa tarehe 8 Oktoba.

Uchaguzi huo mdogo wafaa kufundishwa darasani. Miezi saba kabla yake, tarehe 9 Machi, Raila Odinga na Rais Uhuru Kenyatta walikuwa wamepeana mkono mbele ya jengo la Harambee, na neno "handisheki" likaingia Kiswahili cha Kenya bila kubisha hodi. Upinzani ulikuwa umekoma kuwa upinzani bila kuwa serikali. Jubilee haikusimamisha mgombea Migori. ODM ilimkabidhi tiketi Ochillo Ayacko, waziri wa zamani, ambaye mwaka mmoja tu nyuma alikuwa amewania ugavana kama mgombea huru dhidi ya Obado, aliyekuwa sasa ndani ya ODM. Mpinzani wake mkuu akawa kijana Eddy Oketch, kwa tiketi ya chama cha Federal. Yaani aliyekuwa ameikaidi suti mwaka 2017 ndiye aliyeivaa mwaka 2018. Raila mwenyewe alikwenda kumpigia debe. Ayacko alipata kura 85,234 na Oketch 60,555.

Kura hizo 60,555 zilisema jambo. Katika ngome iliyokuwa ikihesabiwa kuwa ya chama kimoja, bila chama kikubwa cha upande wa pili kuwania, watu wanne kati ya kila kumi hivi walimkataa mgombea aliyeletwa na kinara. Chama kilisikia. Mwaka 2022 Ayacko alipochaguliwa gavana, aliyechaguliwa seneta wa Migori kwa tiketi ya ODM alikuwa Eddy Oketch. Huu ndio ufundi wa chama kikongwe: hakimwadhibu aliyekikaidi kwa muda mrefu ikiwa kura zake zinahesabika.

Mjukuu wa mzee wetu, tuseme ni msichana anayesomea Kiswahili chuoni, angeweza kumwuliza wakiwa sokoni, wakizungumza Kiswahili kwa heshima ya mnunuzi Mmaasai aliyesimama kando yao:

"Babu, sasa huyu aliyekuwa mpinzani wa chama ndiye mtu wa chama?"

"Nyakwara, ng'ombe akivunja ua akaingia boma la jirani, jirani hamwulizi alikuwa wa nani mwaka jana. Anahesabu tu."

Na Mmaasai, ambaye adabu ilimtaka asubiri wazee wamalize, angetabasamu na kuuliza, "Mzee wangu, kwa hivyo bei ya huyu ni ile ile?"

Mmaasai huyo ana lake la kusimulia. Kule ng'ambo, Narok, ODM ilifanya jambo ambalo kwa jicho la mkakati ni kubwa kuliko lote lililofanyika Migori. Mwaka 2017 na tena mwaka 2022 Ledama Olekina alichaguliwa seneta wa Narok kwa tiketi ya ODM, ilhali ugavana ulichukuliwa na Jubilee mara ya kwanza na UDA mara ya pili. Wapiga kura walewale, karatasi tofauti. Hapo hapakuwa na suti. Palikuwa na mtu mmoja mwenye ulimi mkali aliyewashawishi watu wamtume Nairobi akawasemee, huku mambo ya zahanati na barabara wakimwachia mwingine. Chama cha upinzani kinachotaka bunge la juu kingepaswa kujifunza zaidi kutoka Narok kuliko kutoka Migori, kwa kuwa ngome humpa mtu viti alivyokuwa navyo tayari, na wingi hupatikana nje ya ngome. Basi tangu 2017 mpaka wa Ogwedhi, uliokuwa mwaka 1963 mpaka wa KANU na KADU, una maseneta wa chama kimoja pande zote mbili. Jaramogi na Ngala wangeshangaa.

Viti vikishapatikana, hutumiwaje? Hapa mambo huwa machungu. Siku chache baada ya handisheki, Machi 2018, maseneta wa ODM walimwondoa Moses Wetang'ula wa Ford-Kenya kwenye uongozi wa Wachache na kumweka James Orengo wa Siaya. ODM ilikuwa na idadi, hivyo ilishinda. Miaka minne baadaye Wetang'ula alikuwa katika Kenya Kwanza, na Septemba 2022 akawa Spika wa Bunge la Taifa. Uongozi wa upande mmoja wa Seneti ulinunuliwa kwa bei ya mshirika mzima, na bei hiyo ilikuwa ghali.

Seneti ilionyesha ubora wake mwaka 2020, katika mvutano wa fomula ya kugawa fedha za kaunti. Fomula iliyopendekezwa ingeongeza mgao wa kaunti zenye watu wengi na kupunguza wa zile kavu na zenye watu wachache. Kikao baada ya kikao kilivunjika bila uamuzi. Maseneta watatu walikamatwa na polisi siku moja ya Agosti. Waliokataa walitoka vyama mbalimbali, na walishikilia kwamba kaunti isipokonywe kile inachopata tayari. Muafaka ulifikiwa tarehe 17 Septemba, serikali ikiahidi kuongeza fungu la kaunti ili asiwepo wa kupoteza. Kwa majuma hayo machache mstari wa serikali na upinzani ulififia, ukabaki mstari wa kaunti na kaunti. Hicho ndicho walichokitaka waasisi wa KADU, na kilipatikana bila KADU. (Isitoshe, kiongozi wa Wengi wakati huo alikuwa Samuel Poghisio wa KANU, chama kilichoizika Seneti ya kwanza. Historia ina utani wake.)

Mwaka 2022 mizani ilikuwa nyembamba kama uzi: kati ya maseneta 47 wa kuchaguliwa, Kenya Kwanza ilikuwa na 24 na Azimio 23. Amason Kingi, aliyekuwa gavana wa Kilifi kwa ODM kabla ya kuhama, akawa Spika. Kwa hesabu hiyo serikali isingeweza kamwe kufikisha kura 45 peke yake. Hata hivyo, tarehe 17 Oktoba 2024 Seneti ilimhukumu Naibu wa Rais Rigathi Gachagua na kumwondoa ofisini, wa kwanza katika historia ya Kenya. Kura zilitoka pande zote mbili. Miezi michache awali wanachama wakuu wa ODM walikuwa wameingia baraza la mawaziri, akiwemo John Mbadi wa Homa Bay aliyepewa wizara ya fedha, na Machi 2025 Raila na Rais William Ruto wakatia sahihi mkataba wa pointi kumi.

Kuna namna mbili za kulisoma tukio hilo, na zote zina hoja. Ya kwanza ni kwamba ODM ilitumia uwezo wake wa kukwamisha au kupitisha jambo katika bunge la juu ikapata wizara na miradi, jambo ambalo KADU ilishindwa kulifanya kwa faida kama hiyo. Ya pili ni kwamba lango limefunguliwa tena na walinzi wake. Aliye Ogwedhi ataelemea upande upi? Wizara ya fedha ikiwa mikononi mwa mtu wa Homa Bay ni fahari kwa Nyanza Kusini ya kale, na ni unafiki kumcheka anayeifurahia. Lakini kazi ya kumwuliza waziri maswali magumu ni ya maseneta, na maseneta wa Migori, Homa Bay na Narok wote walichaguliwa kwa chama cha waziri huyo. Hoja ya pili, kwa mizani hiyo, ni nzito zaidi.

Raila Odinga alifariki tarehe 15 Oktoba 2025 nchini India. Uongozi wa ODM ukamwangukia kaka yake, Oburu Oginga, ambaye ni seneta wa Siaya. Kwa mara ya kwanza chama hicho kikaongozwa na mtu anayeketi katika bunge la juu, wakati ambapo wanachama wake wanabishana hadharani iwapo mwaka 2027 wawe pamoja na serikali au dhidi yake. Suti ilikuwa ya mtu mmoja, na mtu huyo hayupo tena.

Wakuria, kwa upande wao, wamekuwa wakipewa kiti cha naibu gavana wa Migori tangu 2013. Kiti cha seneta hawajakipata tena baada ya Machage. Uchaguzi ujao ni wa Agosti 2027.